Kupanda kwa VAT: kinachoguswa ni asilimia au ni kikapu?

Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake cha VAT na ambayo Wakenya huiita pia ushuru wa thamani ya ziada, ni kodi ya matumizi wala si ya mapato. Serikali haimuulizi mnunuzi hupata kiasi gani kwa mwezi. Humtoza kwa sababu amenunua. Nchini Kenya ilianza mwaka 1990, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo iliyokuwapo tangu 1973, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Tanzania Bara iliianzisha Julai 1998 kwa asilimia 20, kisha ikakishusha kiwango hicho hadi 18 mwaka 2009. Mifano inayofuata ni ya Kenya, ambako katika miaka ya karibuni mabadiliko ya kodi hii yameingia jikoni na bungeni kwa wakati mmoja.

Ili kuelewa kupanda kwake, sharti kwanza ifahamike inavyokusanywa. Tuchukue sufuria. Kiwanda kinanunua alumini ya shilingi 500 na kulipa juu yake kodi ya shilingi 80. Kinaiuzia duka sufuria kwa shilingi 800 na kodi ya 128, kinajirudishia zile 80 kilizokwisha kulipa, na kuwasilisha shilingi 48 kwa Mamlaka ya Ushuru. Duka nalo linauza kwa shilingi 1,000 na kodi ya 160, linatoa zile 128, na kuwasilisha 32. Jumla ya 80, 48 na 32 ni 160, na shilingi hizo zote zimetoka katika mkoba wa aliyekwenda nyumbani na sufuria. Wafanyabiashara wameikusanya tu kodi hiyo. Mnunuzi wa mwisho, ambaye hana wa kumdai, ndiye aliyeilipa.

Hata hivyo, si kila bidhaa hutozwa asilimia 16, na hapa ndipo mjadala mwingi hupotea njia. Kuna bidhaa za kiwango cha sifuri, kama unga wa mahindi na mkate wa kawaida: mnunuzi hatozwi chochote, na mtengenezaji anaruhusiwa kudai kodi aliyolipa kwa vifungashio, umeme na mashine. Kisha kuna zilizosamehewa, kama mazao ya shambani yasiyosindikwa na usafiri wa abiria. Neno kusamehewa linasikika kama neema, lakini mtoa huduma wa aina hii haruhusiwi kudai kodi aliyolipa kwa manunuzi yake, kwa hiyo huizika ndani ya bei. Abiria wa matatu haoni VAT popote, ilhali anailipa kupitia mafuta, vipuri na matairi. Naona tofauti hii ingefaa kufundishwa shuleni, kwa sababu mwananchi asiyeijua anaweza kupandishiwa gharama huku akiambiwa amesamehewa.

Kwa hiyo kodi inaweza kupanda bila asilimia 16 kuguswa. Inatosha kuihamisha bidhaa kutoka kundi moja hadi jingine. Gesi ya kupikia ni mfano ulio wazi: Julai 2021 iliwekewa asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na Julai 2023 ikaingizwa katika kiwango cha sifuri. Katika miaka hiyo miwili kiwango cha kawaida hakikubadilika hata kidogo, lakini familia iliyokuwa imeacha mkaa na kununua mtungi wa gesi iliishi chini ya sheria tatu tofauti.

Mafuta ya petroli, dizeli na mafuta taa yana historia ndefu zaidi. Sheria ya VAT ya 2013 iliyaachia muhula wa miaka mitatu bila kutozwa, muhula ukaongezwa miaka miwili, na Septemba 2018 asilimia 16 ikaanza kutozwa. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba kabla ya mwezi huo kwisha Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoipunguza hadi 8. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Fedha ya 2023 iliirudisha 16. Bei ya juu kabisa iliyoruhusiwa ya lita ya petroli jijini Nairobi ilitoka shilingi 182.04 hadi 195.53 kuanzia Julai 1, na ya mafuta taa ikatoka 161.48 hadi 173.44. Hesabu ni nyepesi: gawanya bei ya zamani kwa 1.08, zidisha kwa 1.16, nawe utaifikia bei mpya. Hakuna kilichobadilika bandarini Mombasa wala katika soko la dunia usiku ule. Tofauti yote ilikuwa kodi.

Athari yake kwa bajeti ya nyumba haiishii kwenye pampu. Sukuma wiki haina VAT, lakini pikapu iliyoitoa shambani hadi sokoni hutumia dizeli yenye VAT, na mwenye pikapu, ikiwa mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, halazimiki kusajiliwa, na asiyesajiliwa hana njia ya kuidai. Nauli nayo kwa kawaida hupanda kwa hatua za shilingi kumi, si kwa senti, hivyo ongezeko dogo la mafuta linaweza kumfikia abiria likiwa limekuzwa. Katika mitaa inayonunua kwa kadogo, yaani kwa vipimo vidogo vidogo, bei yenyewe huenda isibadilike: mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini yanabaki ya shilingi ishirini, ila kipimo kinapungua, na mama wa nyumba ndiye anayegundua kwamba chakula cha siku mbili sasa ni cha siku moja na nusu. Bei zikishapanda hivi, kuzishusha ni kazi nyingine. Serikali iliposhusha kiwango cha kawaida hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 2020, wakati wa korona, kisha kukirejesha 16 Januari 2021, mwenye duka alipaswa kutoza kodi ndogo zaidi, lakini bei yake kabla ya kodi ilibaki mikononi mwake.

Uzito huu hauwaangukii wote sawa. Chukua kaya mbili za kufikirika: ya kwanza hupata shilingi 20,000 kwa mwezi na kuzitumia zote, ya pili hupata 300,000 na kuweka akiba nusu. Kila moja ikitumia nusu ya matumizi yake kwa bidhaa zinazotozwa kodi, kaya ya kwanza imetozwa juu ya nusu ya mapato yake, na ya pili juu ya robo tu. Kwa shilingi, tajiri amelipa zaidi. Kwa sehemu ya kipato, maskini ndiye aliyebeba mzigo. Kiwango cha sifuri kwa unga na mkate kiliwekwa ili kupunguza pengo hili, nacho kinapoguswa, ulinzi wenyewe ndio unaoondolewa.

Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024 uliamsha hasira kubwa ulipopendekeza mkate utozwe asilimia 16. Mkate wa shilingi 65 ungefika shilingi 75 na senti 40. Serikali ilikuwa na hoja zake: deni la taifa ni kubwa, mikopo ina masharti ya kuongeza mapato ya ndani, na VAT ni rahisi kukusanya kuliko kodi ya mapato katika nchi ambayo wengi hufanya kazi zisizo na hati ya mshahara. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini Rais William Ruto aliingia madarakani 2022 kwa ahadi kwa wenye kipato kidogo, na kuugusa mkate kulionekana kama kuivunja ahadi mezani pao. Juni 18 kipengele cha mkate kiliondolewa, lakini haikutosha. Juni 25 waandamanaji vijana waliingia Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia saini mswada wote.

Sheria ya 2023 iliyoongeza kodi ya mafuta ilipita njia nyingine. Mahakama ya Rufaa iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 31, 2024, sehemu kubwa ya hoja ikiwa ushirikishwaji wa wananchi, na Mahakama ya Juu ikaihuisha Oktoba 29 mwaka huohuo.

Mswada wa Fedha wa 2025 uliacha asilimia 16 pale pale. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na pendekezo la kuhamisha malighafi za vyakula vya mifugo, miongoni mwa bidhaa nyingine, kutoka kiwango cha sifuri hadi kundi la zilizosamehewa. Mfugaji aliyesoma neno hilo bila kujua maana yake katika sheria ya kodi angeweza kudhani ameongezewa nafuu.