"I remember you" siyo "nimekukumbuka"

Kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza hapa Kigoma, kazi yake kutembeza wageni Ujiji, alinijia na simu mkononi amenywea. Alikuwa amemwandikia mgeni aliyekwisharudi Uingereza: "I remember you so much." Mgeni akajibu kwa adabu kwamba naye anamkumbuka vizuri, maana hata wiki mbili hazijaisha tangu waagane.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Sarufi haikuwa na kosa. Shida ni kwamba tukimwambia mtu "nimekukumbuka", hatusemi sura yake ilitupotea ikarudi. Tunasema tuna hamu naye. Kazi hiyo Kiingereza kimempa "miss", ndiyo maana vijana wameona wajirahisishie, wanasema "nimekumisi". "Remember" haina hamu yoyote ndani yake. Inasema jambo lingali kichwani, basi. Hata aliyekukopa asilipe unaweza kumwambia "I remember you", na ataelewa.

Ujumbe wake wa pili ulikuwa "Please remember me to send the photos." Hapa alihitaji "remind". Sisi tunachukua kumbuka, tunatia -sha, tunapata kumbusha. Kiingereza hakina -sha, kinaleta neno jingine kabisa: "remind", ambalo ndani yake mna "mind". Siku hizi "mind" tunaitafsiri akili, lakini katika Kiingereza cha kale mzizi wake ulikuwa na maana ya kumbukumbu. Cha kuchekesha, "remember me to your mother" ipo na ni sahihi. Maana yake: nisalimie mama.

Lakini panaponiuma mimi mwenyewe ni penye "to" na "-ing".

Miaka kadhaa nyuma nilitafsiri maelezo ya mlinzi wa stoo ya dagaa. Magunia yalikuwa yamepotea usiku, na wenye mali walitaka maelezo kwa Kiingereza. Mzee alisema, "Nilikumbuka kufunga mlango." Nami, kwa haraka zangu, nikaandika "I remember locking the door." Siku ya mahojiano akaanza kuulizwa: ulisimama upande gani? Kufuli ulilishika kwa mkono upi? Palikuwa na mwanga? Mzee akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nimesema sikusahau kufunga. Nafunga kila siku, mkono nitaukumbukaje?"

Alikuwa na haki. Alichosema ni "I remembered to lock the door": wajibu ulimjia kichwani kwa wakati wake, akautimiza. Mimi nilimwekea mdomoni dai jingine, kwamba hadi leo anayo picha ya tukio lenyewe, analiona kufuli, anausikia mlango. Kwa Kiswahili "nilikumbuka kufunga" humaanisha lile la kwanza, na la pili tunalisema kwa namna nyingine: "nakumbuka nilifunga", "nakumbuka nilivyofunga". Nilirekebisha karatasi palepale na kumwomba mzee radhi. Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Kama naweza kuweka "sikusahau" na maana isiharibike, natumia "to". Kama "nakumbuka nilivyo…" ndiyo inayokaa, natumia "-ing". "Forget" nayo inafuata njia hiyohiyo.

Kingine ni hii "I am remembering" ninayoikuta kila wiki kwenye madaftari. Inatokana na -na- yetu: ninakumbuka, ninajua, ninafikiri. Kwa Waingereza, kukumbuka na kujua ni hali zaidi kuliko tendo, hivyo wanasema "I remember", "I know". Kwa "think" kuna mtego: "I think he will come" ni nadhani atakuja, wakati "I am thinking" ni mtu aliyeinamisha kichwa, kazi inaendelea humo ndani, usimsumbue.

Na "think" hiyo hatuitafsiri kwa fikiri kila mara. "What do you think?" ni "unaonaje?" Wanafunzi wangu huandika "How do you see?", na mtu akisoma hivyo atadhani unamuulizia macho yake. "I can't think of his name" ni jina lake halinijii. "Think about it" ndiyo fikiria, lile la kukaa na jambo ukaligeuza huku na huku.

Kuna na mawazo. Tukisema fulani ana mawazo, jirani anajua hajalala vizuri, pengine ada ya mtoto haijapatikana. "He has thoughts" haibebi mzigo huo. Mwandikie "He is worried". Na usije ukamwita "thoughtful": hiyo ni sifa, ni mtu anayejali wenzake.

Juzi kijana wangu amerudi na kazi mpya, kutafsiri maelezo ya pale Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Neno kumbukumbu na ndugu zake wamejaa ukurasa mzima. Jengo la makumbusho nikamwambia ni "museum", mnara wa ukumbusho ni "memorial", kinyago mgeni anachonunua ili akifika kwao akumbuke safari ni "souvenir". Kumbukumbu za kikao alikuwa ameziita "memories of the meeting", tukaweka "minutes". Nilimtania kwamba hata Kumbukumbu la Torati kwao ni Deuteronomy, wala humo hamna "memory". Alicheka, akafungua barua ya ofisi aliyokuwa ameitafsiri kabla hajaja kwangu. Juu kabisa, palipoandikwa Kumb. Na., ambayo kwa Kiingereza ni "Ref. No.", yeye alikuwa ameweka "Memory No."