Kinachokufa katika “mortgage” ni rehani
Mazungumzo ya mikopo ya nyumba yanapopamba moto jijini Nairobi, hakosekani wa kudai kwamba neno la Kiingereza “mortgage” maana yake ni deni linalomwandama mkopaji hadi kaburini. Asili yake, kweli, ni Kifaransa cha kale, na linataja rehani iliyokufa. Lakini mfu huyo si mtu. Mwanasheria Edward Coke alieleza mwaka 1628 kwamba mkopaji asipolipa, ardhi humfia yeye, na akilipa, rehani humfia mkopeshaji. Maelezo ya karne ya 12, ambayo naona yana uzito zaidi, huliita hivyo shamba lililowekwa rehani bila mapato yake kupunguza deni. Yalipolipunguza, rehani iliitwa hai.