Chuo cha binafsi hakina mlango wa uani

Kila dirisha la udahili likifunguliwa ofisi yetu inageuka baraza la malalamiko, na msimu huu yamezidi, ndio maana nimeombwa niandike haya kwa wote kwa pamoja kabla sauti haijanikauka. Mimi ni afisa udahili kwenye chuo kikuu kidogo cha binafsi huku mikoani. Nasema ya kwetu tu, vyuo vingine vina maafisa wao, na ukiona nimepishana na mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika basi fuata mwongozo, usinifuate mimi.

Kuna hii kauli ya "nimekosa serikalini ngoja nikachukue binafsi", kana kwamba tunauza mchele. Vigezo vya chini vya kuingia digrii vinawekwa na TCU na ni vilevile kwa chuo cha serikali na cha binafsi, chuo kinaruhusiwa kuongeza juu yake ila kushusha hakiruhusiwi. Tukishakuchagua jina linapelekwa TCU, na wakilikataa huko hata mwenye chuo hana la kufanya, hata kama ada umeshalipa yote kwa mkupuo.

Sasa pointi. Aliyemaliza kidato cha sita 2016 na kuendelea anatakiwa awe na prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo mawili yanayotakiwa na kozi anayoomba. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hizi sio zile pointi za divisheni ambazo huhesabiwa kinyume, ndogo ndio nzuri, na vurugu yote inaanzia hapo. Chukua vijana watatu, wote wana divisheni three ya 15. Wa kwanza ana D, D na F, huyu ana 4 na anaingia kama hizo D ziko kwenye masomo ya kozi yake. Wa pili ana D, E na S, hesabu yake inaishia 3, haingii. Wa tatu ana E tatu, hana F hata moja, nyumbani wameshapika pilau, lakini masomo mawili yanampa 2 tu. Divisheni ileile, pointi za divisheni zilezile, majibu tofauti, na hapo hakuna aliyeonewa wala aliyependelewa. Na GS, lile somo la General Studies, haihesabiwi, naomba nisiulizwe tena.

Wanaoomba kwa stashahada (diploma) wao ni GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya 3.0 na pasi nne za kidato cha nne kuanzia D. Waliopungukiwa wana njia ya stashahada au faundesheni (kozi ya maandalizi) ya Chuo Kikuu Huria, inachukua muda ila ni njia halali.

Kinachonichosha kuliko pointi ni steshenari. Mwanafunzi anakwenda kuombewa chuo steshenari, jamaa wa steshenari anajaza namba yake mwenyewe ya simu na baruapepe yake mwenyewe ili "isisumbue", anatengeneza na nywila, na kwenye kaunta yake kuna daftari la kurasa mbili lenye nywila za mtaa mzima. Matokeo ya udahili yakitoka, aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja anatumiwa namba ya siri kwa meseji au baruapepe ili athibitishe chuo kimoja. Inaingia kwenye simu ya nani? Mzee mmoja alinifuata, kafunga safari toka usiku, nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia kisha akanipa simu ya mwanawe nimsomee hiyo namba. Nikatafuta juu mpaka chini, kuna meseji za bando na za mikopo ya simu tu. Namba ilikuwa kwa kijana wa steshenari, na kijana wa steshenari alikuwa kahama wilaya.

Utaratibu ni huu. Ukichaguliwa chuo kimoja tu huna haja ya kuthibitisha. Ukichaguliwa viwili au zaidi unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, unaweka namba ya siri, unathibitisha, ndani ya tarehe zilizotangazwa. Namba haijafika? Ingia kwenye mfumo wa hicho chuo unachokitaka uombe itumwe upya, usipige TCU kwanza, utarudishwa kwetu. Umethibitisha chuo usichokitaka? Kuna utaratibu wa kujitoa, nao una muda wake, ukipita umepita na barua ya mheshimiwa haifungui mfumo. Wale wanaojiita mawakala wa chuo chetu wanaodai elfu hamsini ya "kusukuma jina", sisi hatuna wakala, na jina halisukumwi, linachakatwa na mfumo.

Vyeti navyo. Ukiandika namba ya mtihani matokeo tunayavuta NECTA, Baraza la Mitihani, kwa hiyo kujaza C mahali pa E ni kujichosha. Akigundulika mtu na cheti cha kughushi anafutiwa udahili hata akiwa mwaka wa tatu, suala linakwenda polisi kwa sababu kughushi ni jinai, na ada hairudi. Hili nalisema kwa upole, ila limeshatukuta.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, wanafunzi wa vyuo vya binafsi wanapata pia, sijui nani alieneza kwamba hawapati. Ila maombi yake ni tofauti na ya chuo: yana ada yake ya shilingi 30,000, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi), au ZCSRA (wakala wa usajili wa huko) kwa wa Zanzibar, fomu isainiwe na mdhamini, serikali ya mtaa na kamishna wa viapo. Na ukipewa mkopo wa ada usidhani umefunika ada yote ya binafsi, mara nyingi kuna kipande cha mzazi, kaeni mkipige hesabu kabla ya bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, kuingia, sio baada. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, huo ni mkopo jamani, sio sadaka.

Faida ya udogo wetu inakuja kwenye utafiti, na hapo watu hawaioni. Darasa la ualimu au uhasibu likiwa dogo, msimamizi wako anakujua jina, anasoma rasimu yako mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Mmoja aliandika kuhusu wauza nyanya wa sokoni bila kuongea na muuza nyanya hata mmoja, karudishwa sokoni na daftari, akarudi na kazi nzuri kuliko ya walimu wengine. Kukusanya data tunakupa barua kwenda kwa katibu tawala, usivamie kijiji na dodoso. Utafiti wa afya unaogusa watu unahitaji kibali cha maadili, na mtafiti mgeni kutoka nje anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Halafu kuna wa kuandikiwa utafiti na mtu mwingine. Tunawajua. Mtu hawezi kutaja swali lake la utafiti lakini ana kurasa tisini. Anaandikiwa barua ya tuhuma, anajibu kwa maandishi, anaitwa kamati ya nidhamu, anasikilizwa, kamati inapendekeza, seneti inaamua, na uamuzi unaweza kuanzia kurudia kazi yote mpaka kufukuzwa. Hiyo sio sapu (mtihani wa marudio), wala sio kukeri somo (kulibeba ulirudie baadaye), inaweza kuwa disko kamili, yaani kuondolewa chuo.

Nafasi zingine zipo na zinapita bila mtu. MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza 2019, yana kundi la vyuo vikuu na halibagui chuo kikubwa na kidogo. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, pia, barua tunatoa mapema, ila wengi wanakuja wiki ya mwisho wote wanataka benki moja.

Tukija maonesho ya vyuo vikuu ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, tutakuwa na meza, njoo uulize. Ukija ofisini Jumamosi tunafunga saa sita mchana. Njoo na simu yenye laini uliyojaza kwenye maombi, sio skrinshoti kutoka kwa jamaa wa steshenari.