Je, wajua kwa nini maabara huandika hata namba ya toleo la chupa?

Ukifungua daftari la maabara iliyo makini, utakuta kitendanishi kimoja (kemikali au kitu kingine kinachotumika katika jaribio) kimetengewa mstari mzima: jina, kampuni iliyokitengeneza, namba ya katalogi, namba ya toleo, siku kilipopokelewa, siku kilipofunguliwa na mwisho wa matumizi. Mgeni atauliza: si wangeandika jina tu wakaendelea na kazi?

Jina halitoshi. Chukua kopa salfeti, wengine huiita mrututu. Kuna ya buluu, iliyobeba molekuli tano za maji, na kuna nyeupe isiyo na maji. Moli moja (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) ya nyeupe ina uzito wa gramu 159.6, ya buluu, gramu 249.7. Sasa maelekezo yakisema "yeyusha gramu 16 za kopa salfeti, jaza maji hadi lita moja", mwenye chupa ya nyeupe atapata myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, na mwenye ya buluu atapata kama 0.064. Wote wawili wamefuata maelekezo neno kwa neno.

Mrututu angalau hujisema kwa rangi. Magnesiamu kloraidi haina wema huo: yenye maji na isiyo na maji zote ni nyeupe, na ile yenye maji, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Hii ndiyo chumvi ambayo kipimo cha PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, hakiendi bila yake, maana kimeng'enya kinachonakili DNA hutegemea magnesiamu. Ukibadilisha chupa bila kujua, utamaliza wiki ukiilaumu mashine.

Namba ya toleo nayo ina kazi yake. Viwanda hutengeneza kwa mafungu, na mafungu hayalingani sawasawa, hasa ya vitu vitokavyo kwa viumbe hai, kama seramu ya ndama na kingamwili. Ndiyo maana wanaokuza seli huomba sampuli za matoleo kadhaa ya seramu, wakazijaribu, kisha wakanunua akiba kubwa ya toleo moja lililowakubali. Maabara za hospitali zinazofuata kiwango cha ISO 15189 hulihakiki toleo jipya kabla halijatumika kwa wagonjwa. Mara nyingi sampuli zilezile hupimwa kwa la zamani na kwa jipya. Na kiwanda kikitangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, mwenye kumbukumbu hujua ni majibu gani ya kurudia. Asiyenazo itambidi ayatilie shaka yote.

Vipi kuhusu mirija ya plastiki na ncha za pipeti? Hivyo watu wengi huviona ni vyombo tu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza katika jarida la Science jinsi kimeng'enya walichokuwa wakikichunguza kilivyozuiwa na kemikali zilizovuja kutoka kwenye plastiki yenyewe. Mojawapo ilikuwa oleamaidi, ambayo viwanda huitia ili plastiki iteleze. Baada ya hapo, kuandika "mrija wa plastiki" pasipo kutaja mtengenezaji ni kuacha kitendanishi kimoja nje ya orodha.

Kinachorukwa zaidi, nionavyo mimi, ni tarehe ya kufungua, na ndiyo yenye hatari kubwa. Etha, kimiminika cha kuyeyushia vitu, ikishakutana na hewa huanza polepole kutengeneza peroksaidi, na hizo huweza kulipuka mtu anapoikausha au kuichemsha ili kuitenga. Kwa hiyo tarehe huandikwa kwenye chupa yenyewe, kwa wino usiofutika, siku ileile kifuniko kinapofunguliwa. Chupa kuukuu ya etha isiyo na tarehe, hasa ikiwa na chembechembe kwenye kifuniko, haifunguliwi wala haitikiswi. Huachwa palepale wakaitwa wataalamu wa taka hatarishi.