Hewa ya London Hupimwaje, na Mzazi wa Mtoto Mwenye Pumu Azisomeje Namba Zake?

Nani anapima hewa Uingereza, na anapima nini?

Serikali ina mtandao wa vituo zaidi ya 150 vinavyopima usiku na mchana. Kimojawapo kiko Marylebone Road, katikati ya London, ambako magari hayaishi. Vinapima naitrojeni dayoksaidi, ambayo mijini hutoka hasa kwenye injini za dizeli, pamoja na ozoni, salfa dayoksaidi na chembechembe za vumbi na moshi. Chembe ndogo sana, ziitwazo PM2.5, ndizo mbaya zaidi. Ni nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, hufika vilindi vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu.

Mtaani kwetu hakuna kituo. Wanajuaje hewa yetu ikoje?

Wanakokotoa. Nchi hugawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita moja, na kila mraba hukadiriwa moshi wa magari, viwanda na majiko ya kuni. Kompyuta huongeza upepo, joto na mvua, kisha majibu hulinganishwa na vipimo vya vituo. Yakipishana, hesabu hurekebishwa.

Shida ni kwamba mraba mmoja unaweza kuwa na bustani tulivu na barabara yenye foleni kutwa nzima. Ndiyo maana barabara kubwa hukokotolewa peke yake. Hata hivyo, anayeishi kando ya barabara asijifariji kwa wastani wa eneo zima.

Kwani tofauti hiyo inaweza kuua?

Inaweza. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9, alifariki Februari 2013 kwa pumu kali. Alikuwa akiishi Lewisham, kusini-mashariki mwa London, karibu na barabara kubwa ya South Circular. Profesa Stephen Holgate, mtaalamu wa pumu, alichambua vipimo vya kituo cha Catford, kisicho mbali na kwao, vikawa ushahidi muhimu. Desemba 2020 ofisa anayechunguza vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Alisema pia kwamba mama yake hakupewa taarifa za hatari hiyo. Hilo linaniuma kuliko yote: vipimo vilikuwepo, mama hakuambiwa.

Hewa ikiwa ndani ya kiwango cha sheria, tuko salama?

Hapana. Sheria inaruhusu wastani wa mikrogramu 40 za naitrojeni dayoksaidi kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza 10.

Basi nitumieje utabiri wa kila siku?

Hutolewa kwa namba 1 (uchafu mdogo) hadi 10 (uchafu mwingi sana). Kuanzia 4, mtoto mwenye pumu anayeonyesha dalili apunguze michezo ya nguvu nje. Kuanzia 7, apunguze hata kama hana dalili nzito, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwake, si nyumbani. Kwenda shule, piteni vichochoro badala ya barabara kuu, hata kama mtachelewa kidogo. Siku za joto kali ozoni hupanda mchana, hivyo acheze asubuhi. Mwulize daktari kuhusu mpango wa pumu ulioandikwa, na nakala yake mpe mwalimu. Akishindwa kupumua na dawa haimsaidii, piga namba ya dharura, 999, papo hapo, namba ya hewa iwe yoyote.