Je, wajua kwa nini straika mzuri hupatwa na ukame wa magoli?

Jumapili moja nilikuwa Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, upande wa mzunguko, jua la saa kumi likitupiga usoni. Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja mkulima wa Chamwino, kofia kichwani, karanga za kukaanga mkononi. Kipindi cha pili kilikuwa hakijakolea ikaja krosi ya chini kutoka kulia, ikampita kipa, ikamkuta straika peke yake, hatua kama tano kutoka langoni. Simtaji jina wala timu. Akapaisha. Mpira ukapita juu ya mtambaa panya, ukaenda kuangukia kwa wauza maji.

"Hii mechi ya tano," mzee akasema bila hata kupandisha sauti. "Huyo ana gundu. Akaoge maji ya chumvi."

Nyuma yetu vijana walishaanza: "Mtoe! Mtoe huyo!" Kocha naye kama aliwasikia, maana dakika chache baadaye ubao ukainuliwa na namba yake ikiwa juu. Alitoka ameinamisha kichwa, akapita mbele ya benchi bila kumshika mtu mkono.

Sasa swali. Mwezi mmoja nyuma mtu huyuhuyu alikuwa anaimbwa. Miguu ni ileile, viatu ni vilevile, na mazoezi hajaacha. Kimemtokea nini?

Jibu ambalo mzee hakulipenda, na nadhani wasomaji wengi hawatalipenda, ni kwamba mara nyingi hakuna kilichomtokea.

Tuanze na hesabu ndogo. Kwenye ligi kubwa za Ulaya, ambako kila shuti linaandikwa na kupimwa, mashuti kama kumi huzaa goli moja. Penalti ni habari nyingine, kwani zaidi ya saba kati ya kumi huingia. Shuti la nje ya kumi na nane ni kinyume chake: ukipiga mia, yanaingia machache ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mpira wa kichwa nao ni mgumu kufunga kuliko wa mguu, hata mkiwa mmesimama palepale. Lakini ukichanganya yote kwenye chungu kimoja, wastani unakaa hapo, moja kwa kumi.

Chukua straika wa kawaida anayepiga mashuti matatu kila mechi. Ligi Kuu yetu yenye timu 16 ina mechi 30, kwa hiyo msimu mzima atapiga 90 na kufunga kama 9. Si mfalme, ila ni mchezaji ambaye timu nyingi za katikati ya msimamo zingemtaka. Uwezekano wa yeye kumaliza mechi moja bila goli ni karibu asilimia 73. Uwezekano wa kumaliza mechi tano mahususi bila goli ni asilimia 20 na ushei, yaani mara moja katika tano. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza.

Cha kushangaza ni hiki. Ukiuliza ni uwezekano gani kwamba ndani ya mechi zile 30, mahali popote pale, atapitia walau mechi tano mfululizo bila kucheka na nyavu, jibu linapanda hadi asilimia 92. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili kwa sababu nami sikuiamini. Katika misimu kumi ya straika huyu, tisa itakuwa na ukame wa mechi tano au zaidi, na hapo hajaumia wala hajagombana na mtu, na hakuna aliyemfukia kitu golini.

Na wale wakali? George Mpole wa Geita Gold alimaliza msimu wa 2021/22 akiwa mfungaji bora kwa magoli 17, goli moja tu mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Weka straika wa magoli 17 kwenye hesabu ileile ya mashuti matatu kwa mechi. Bado uwezekano wa kukutwa na ukame wa mechi tano ndani ya msimu ni karibu nusu kwa nusu. Hata Meddie Kagere, aliyefunga 23 akiwa Simba mwaka 2018/19 wakati ligi ina timu 20 na mechi 38, alikuwa na siku zake kavu. Toa 23 kwenye 38. Hata kama hakuwahi kufunga mawili siku moja, bado zinabaki mechi 15 ambazo Simba ilicheza na goli la Kagere halikuonekana. Watu wa kanda yetu walimwona kwa karibu miaka michache baadaye, alipokuja kuichezea Singida Big Stars pale Uwanja wa Liti, Singida, mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 35. Kasi ilikuwa imepungua. Ila mahali mpira unapodondokea alikuwa bado anapajua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wa vijiweni. Tunadhani straika mzuri ni yule asiyekosa. Ukifuatilia takwimu za miaka mingi utaona kwamba kinachomtenganisha mfungaji mkubwa na wenzake ni idadi na ubora wa nafasi anazozifikia, kuliko ufundi wake wa kumalizia. Anaotea mara tatu, ya nne anatoka sawasawa na beki. Anajifanya anakwenda nguzo ya mbali, kisha anakata nguzo ya kwanza. Wataalamu huzipima nafasi hizo kwa kuangalia umbali, pembe, mguu au kichwa, halafu hujumlisha kupata magoli tarajiwa: straika wa kawaida akizipata nafasi zote hizi, afunge mangapi? Mtu ambaye magoli yake tarajiwa ni mengi na magoli halisi ni machache hana haja ya maji ya chumvi. Mtu wa kumwogopa ni yule ambaye vyote viwili ni sifuri, maana huyo hafiki kabisa. Na kwa kuwa hafiki, hakosi, na kwa kuwa hakosi, hazomewi. Beki mbovu naye hufichwa na hesabu: kwa dakika tisini anagusa mpira mara nyingi, kosa moja linasahaulika. Straika anapimwa kwa kitu kinachotokea mara chache sana uwanjani.

Nikamwambia mzee: wewe ni mkulima, ukame unaujua. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa mwaka haizidi sana milimita 600, na hiyo yenyewe hainyeshi kwa utaratibu. Inashuka siku tatu ya kufa mtu, halafu wiki mbili mbingu nyeupe. Februari ikipita wiki mbili bila tone, unang'oa mtama?

Akatafuna karanga kwanza. "Mtama haulipwi mshahara," akasema.

Nilicheka, lakini alikuwa amegusa penyewe. Mshahara ndio unaogeuza bahati kuwa maisha ya mtu. Mikataba mingi kwenye ligi yetu ni ya mwaka mmoja au miwili. Ligi inaanza, mechi kumi za mwanzo zinachezwa, dirisha dogo la usajili linafunguliwa, na uongozi unakaa kumjadili straika kwa mashuti ambayo hayafiki arobaini. Anapelekwa kwa mkopo, au anapewa mkono wa kwaheri. Timu mpya inamsajili kwa bei ya chini, bahati inarudi mahali pake, anafunga manne mechi tano, na watu wanasema kocha mpya ni mchawi.

Mbwana Samatta ndiye mfano ninaourudia kila mara. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi akiwa Genk, na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 akahamia Aston Villa. Februari 1 akafunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye Ligi Kuu ya Uingereza; Machi 1 akafunga tena Wembley, fainali ya Kombe la Ligi waliyofungwa na Manchester City 2-1. Kisha corona ikasimamisha mpira. Ligi iliporudi Juni, nyavu zilikuwa zimefungwa. Alimaliza na mechi 14 za ligi na goli moja, kwenye timu iliyokuwa inapigania kutoshuka daraja na kunusurika siku ya mwisho. Septemba alikuwa Uturuki kwa mkopo, Fenerbahçe. Sisemi Villa walikosea, pengine kasi ya ile ligi haikumfaa. Ninachosema ni kwamba kwa mechi 14, na krosi haba za timu inayojihami, hakuna mtu duniani anayeweza kujua kwa uhakika.

Tusimsafishe straika kupita kiasi, lakini. Ukame unaoanza kwa bahati hugeuka kuwa wa kujitakia. Mtu ambaye hajafunga mwezi mzima hubadilika: anapiga kutoka mita 25 pale alipopaswa kutoa pasi, anawahi kupiga kabla mpira haujatulia, anakwenda mbali na goli kutafuta mpira kwa sababu anataka angalau auguse. Mashuti yanakuwa mengi na nafasi zinakuwa mbovu. Kocha naye anamkata dakika, na dakika zikipungua mashuti yanapungua, kwa hiyo kalenda ya ukame inazidi kusogea hata kama mguu wake umeshapona woga. Wachezaji wazoefu wanaujua mtego huu, ndiyo maana utamwona straika mwenye njaa akiomba penalti hata kama si zamu yake. Goli moja la penalti halimfundishi kitu kipya, ila linawanyamazisha jukwaani, na yeye anarudi kusimama mahali pake.

Baada ya mechi tulikaa kwenye kibanda cha soda nje ya uwanja. Nikaokota visoda kumi, tisa vyekundu na kimoja cha njano, nikavitia kwenye kofia ya mzee. Nikamwambia: wewe ndiye straika. Fumba macho, toa kimoja, kirudishe, tikisa. Njano ni goli. Mara tatu ni mechi moja.

Mechi ya kwanza, kisoda cha pili kilikuwa cha njano. Akainua mkono kama mfungaji. Mechi ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Kufika ya nne dereva wa bodaboda alishasogea kuangalia. Ya tano mzee alibadilisha mkono, akatumia wa kushoto. Ya sita alipuliza kiganja kabla ya kukiingiza. Ya saba alisema kofia imelowa jasho, ndiyo maana. Nikamkumbusha kwamba kofia ni yake.

Mechi ya nane akatoa njano, na aliporudisha na kutikisa, akatoa njano tena. Dereva wa bodaboda akapiga kelele. Mzee akafungua macho, akakishika kile kisoda juu ya taa ya kibanda, akakigeuza pande zote mbili.

"Unaona?" akaniambia. "Nimeshajua namna ya kukishika."