Urahisi wa nyumba za Elliot Lake hautokani na mionzi

Juzi saa tatu usiku nilipigiwa simu na mama mmoja wa Tanga anayeishi Toronto. Ameona tangazo la nyumba ya vyumba vitatu Elliot Lake, mji wa zamani wa migodi ya urani kaskazini mwa jimbo la Ontario, Canada, na bei yake haifiki nusu ya fleti anayotamani kule Scarborough. Baada ya shikamoo na marahaba akashusha sauti: "Mwanangu, nambie kweli. Watu wameikimbia kwa sababu ya sumu ya urani, si ndiyo?"

Huyo ni wa nne mwaka huu. Mimi ni mkaguzi wa nyumba, naitwa kuangalia paa, nyaya, mabomba na msingi kabla mteja hajasaini. Nyumba iuzwe isiuzwe, malipo yangu ni yale yale, kwa hiyo sina sababu ya kuupamba mji ule. Ila nimechoka na hadithi hii.

Bei ya nyumba Elliot Lake ilipangwa na mikataba ya kununua urani. Mwaka 1953 mtafuta madini Franc Joubin, kwa pesa za tajiri Joseph Hirshhorn, aligundua kwamba miamba ya kaskazini mwa Ziwa Huron ina urani. Mwaka 1955 mji ukaanza kujengwa katikati ya msitu. Mteja wa urani ile kwa kweli alikuwa mmoja tu, Marekani, iliyokuwa ikitengeneza silaha za nyuklia. Migodi ikafika 12, watu wakakaribia 25,000, na kwa kuwa nyumba hazikutosha wengi walilala kwenye matrela. Mwishoni mwa 1959 Marekani ikatangaza kwamba mikataba ikiisha haiongezi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wamebaki watu chini ya 7,000. Urani ilikuwa pale pale ardhini. Aliyeondoka ni mnunuzi.

Sinema hiyo ikarudiwa. Miaka ya 1970 Ontario ilikuwa inajenga vinu vya umeme wa nyuklia, na shirika lake la umeme, Ontario Hydro, likaingia mikataba mirefu na migodi ya Elliot Lake. Mji ukafufuka, mitaa mipya ikajengwa. Lakini urani ya pale ni haba, takriban kilo moja ndani ya tani nzima ya mwamba. Kule Saskatchewan kuna migodi ambayo tani moja hutoa zaidi ya kilo 100. Shindana na hiyo! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ontario Hydro ikachoka kulipa bei iliyo juu ya soko. Mgodi wa Denison ukafungwa 1992, na wa mwisho, Stanleigh, ukafungwa 1996. Wanaosema "urani iliisha" nao wajibiwe hapo hapo: haikuisha, ilikosa wa kuilipia.

Zikabaki nyumba, mamia kwa mamia, nyingi zilijengwa na kampuni za migodi kwa ajili ya wafanyakazi wao. Kukaundwa shirika lisilo la faida la kuzipangisha kwa wastaafu, wakaitwa kutoka Ontario nzima waje wapumzike kwa kodi nafuu, na wakaja. Leo mji una watu kama 11,000. Nyumba nyingi, mishahara michache, na wapangaji wanaoishi kwa pensheni: bei ipandie wapi?

Sasa msinigeuze wakili wa mionzi. Wachimbaji waliugua kweli, saratani ya mapafu na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe. Mwaka 1974 wachimbaji karibu 1,000 wa Denison waligoma baada ya kujua kwamba takwimu za saratani yao zilikuwa zimesomwa kwenye mkutano Ufaransa kabla wao wenyewe hawajaambiwa. Mgomo ule ulizaa tume ya James Ham, na tume ikazaa sheria ya usalama kazini ya Ontario iliyoanza kutumika 1979. Wewe unayepakia maboksi ghalani Mississauga na una haki ya kukataa kazi ya hatari, haki hiyo ina jasho la Elliot Lake ndani yake.

Na zipo nyumba ambazo mafundi wa zamani walifukia mawe ya mgodini uani au chini ya njia ya gari. Muulize muuzaji hilo waziwazi, na akujibu kwa maandishi.

Lakini kinachokuhusu wewe mnunuzi kuliko yote ni radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini na kupenya nyufa za sakafu, na hiyo haichagui mji wa migodi. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana mbali sana. Huko huko Scarborough unakokuamini, umewahi kupima? Kiwango ambacho serikali ya Canada inataka ukikivuka ushughulike ni bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 200 kwa mita ya ujazo. Kipimo chenyewe ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kiweke besimenti, pale mtu anapolala au kukaa, kikae miezi mitatu isiyopungua, wakati wa baridi madirisha yamefungwa. Usiniletee majibu ya siku mbili. Hiyo ni kama kumpima presha mtu aliyetoka kupanda ngazi sasa hivi. Ikizidi, fundi anatoboa zege la sakafu, anapitisha bomba, anafunga feni ya kuvuta ile hewa na kuitupa nje. Mara nyingi ni kazi ya siku moja.

Kuna wanaoniambia kwamba bomu la Hiroshima lilitoka Elliot Lake. Hiroshima ni 1945, na nimeshasema urani ya Elliot Lake iligunduliwa lini. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu yale ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi ule, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe yake hadi Staten Island, New York. Ontario inaingia kwa mlango mwingine: urani ya Kongo ilisafishwa pia Port Hope, mji mdogo ulio ufukweni mwa Ziwa Ontario.

Wengine wanasema lile jengo la maduka, Algo Centre, lilibomoka 2012 kwa sababu chini kuna mashimo ya migodi. La hasha. Paa lake lilikuwa maegesho ya magari, nalo lilivuja tangu lilipofunguliwa 1980. Maji ya chumvi ya barabarani yakala chuma hadi kiungo kikakatika, wanawake wawili wakafa. Kwangu mimi, paa linalovuja linatisha kuliko urani, na ndiyo maana huwa naanza ukaguzi juu.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kutoka Toronto ni mwendo wa saa ngapi kwa gari. Nikamwambia saa sita, theluji ikiwa na huruma. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama kuna basi.